Maoni ya Mwalimu wa Darasa

Wiki ya mwisho skuli yetu hunuka karafuu.
Mikono ya watoto ndiyo iingiayo nayo,
vidole vyeusi vya kuchambua makonyo;
kila daftari nilifungualo lina alama ya gumba.

Hapa Kambini hatufungi mwaka kwa hotuba tu.
Twafunga kwa msasa.
Jumatatu madawati yote nje, uani,
yamelala miguu juu kama mbuzi wa Mfunguo Tatu,
na kila mtoto na jani lake na kifuu chake cha maji
anasugua pale alipokaa.
Darasa la kwanza wanasuguana wenyewe.

Jumanne nage, kisha kuvuta kamba,
skuli tatu, kamba moja,
ikakatika pale pale ilipokatika mwaka jana,
kwenye fundo.
Jumatano mikate ya kumimina.
Bi Chumu, aliyeapa kwamba mwaka huu hana kitu,
kaleta saba.

Alhamisi afisa wa elimu. Aliahidi saa mbili,
kafika saa tano, jua limeshatuhesabu vichwa.
Zawadi ya kwanza: jagi la plastiki, la buluu,
kwa Mgeni Hamad, mwaka wa tatu sasa.
Kwao wana majagi matatu
na bomba halijafika.
Tukapiga makofi hata hivyo.

Usiku wake, ripoti.
Thelathini na nane, chini ya taa ya sola inayofifia,
na kule mwisho wa karatasi kisanduku kidogo kama kiberiti:
Maoni ya mwalimu wa darasa.
Ana juhudi.
Apunguze mazungumzo.
Ana juhudi.
Ilipofika ya ishirini kalamu ilikuwa yaandika yenyewe
na mimi nawaza chumvi imekwisha.

Kisha Khelef Kombo.
Hesabu, tisini na moja.
Siku alizokosa, thelathini na nne,
zote za mchumo.
Nilimuuliza mwezi wa kumi na moja, akatazama miguu yake:
"Baba kaanguka, mwalimu. Tanzu ilimvunjikia.
Na mimi ni mwepesi."

Jumatatu nilimwona kwenye dawati la dirishani.
Jani lake lilizunguka, likazunguka,
likifika katikati linapita kando,
kama mtu apitae ubavuni mwa aliyelala.
Nikasogea.
KOMBO 94.
Kwa msumari, herufi zimezama
hata msasa hauzifikii.

Sikumwambia kwamba dawati lile tulikaa wawili.
Sikumwambia nani alikwenda ofisini kusema,
wala viboko vilikuwa vingapi,
wala kwamba mchumo wa mwaka ule ulizaa mno,
na Januari, kengele ilipolia,
ubao wa upande wa pili ulikuwa mtupu.
Nikafurahi. Nimepata pa kuweka mkoba.

Nimeandika: Mtoro.
Nimefuta. Karatasi ikaingia tundu.
Mle kisandukuni hamna tena nafasi,
basi nimeandika nje yake, pembeni,
nikiteremka mpaka kwenye mstari wa sahihi ya mzazi:

Hodari wa hesabu. Dawati lake ni lile lile.
Kombo, mlete tarehe saba.
Asipofika nakuja mimi.

Sikutia jina langu la ualimu.
Nilitia la utotoni, analolijua.

Ijumaa nikagawa.
Wengine walisomeana njiani, kwa vicheko na vilio;
mmoja akaila pembe ya ripoti yake kwa hofu.
Khelef hakuifungua. Aliikunja mara nne,
akavua kofia, akaiweka ndani, akavaa,
akakaza mpaka masikioni,
akashika njia ya mashambani
shingo imesimama wima,
kama aliyetwishwa maji.